Ukurasa wa Pili wa Barua ya Mzee Ndahani

Mliobaki kazini mmenisumbua mpaka nimekubali kuwaandikia kazi yetu ilianzaje na ilikuwaje. Haya, naandika. Mjukuu wangu Neema, anayesomea ukutubi chuoni, ndiye anayepiga chapa. Nimemwambia asinirembe. Akibadilisha neno langu nitalirudisha, maana mimi nilishika ufagio wa maktaba ile kabla mama yake hajaolewa.

Nilipandishwa lini na nililipwa nini, hayo hamtayaona hapa. Hayakumsaidia msomaji hata mmoja kupata kitabu.

Shule niliishia darasa la nne. Baba alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto wa kuwachunga, na hesabu hiyo aliipiga bila kuniuliza. Kusoma kwa kunyooka nilikupata ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto mgongoni na mwingine akinivuta kanga. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema Mama Nyemo hana elimu, mwambieni ni kweli, halafu mwulizeni yeye amewasomea watu barua ngapi.

Maktaba yenyewe ilikuwa ghala la karanga pale Ihumwa, upande wa reli. Shirika letu lilipewa vyumba viwili na mlango mmoja usiofungika vizuri. Treni ya mizigo ikipita, vitabu vilitetemeka kwenye rafu, na vumbi nililolifuta asubuhi lilirudi mahali pake kama mwenye nyumba. Niliajiriwa kufanya usafi. Aliyenipokea ni Mwalimu Hiza, mkuu wa maktaba wa kwanza, mwalimu mstaafu aliyetoka Tanga, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Alinikabidhi ndoo, kitambaa na ufunguo, akaenda mjini kufuatilia madawati.

Siku hiyo ya kwanza nilitaka aone kwamba amepata mtu. Nilitoa vitabu vyote kwenye rafu, nikavifuta kimoja kimoja, nikavirudisha kwa mpangilio: virefu nyuma, vifupi mbele, vyekundu na vyekundu wenzao, vya bluu na vya bluu. Nikasimama mlangoni nikajipongeza. Paling'aa kama kabati la bibi harusi.

Mwalimu alirudi saa tisa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, Mwalimu. Vilikuwa vimekaa ovyo, virefu na vifupi pamoja."

Akakaa kwenye kiti. Nilidhani anaumwa. "Mama," akasema taratibu, "vitabu si sufuria."

Akanionyesha zile namba ndogo zilizobandikwa mgongoni mwa kila kitabu. Mimi nilikuwa nimezifuta baadhi, nikidhani ni uchafu wa dukani. Tulirudisha kila kitu mahali pake kwa siku tatu, yeye anasoma namba, mimi naweka. Siku ya tatu nilikuwa nafika kwenye rafu kabla hajamaliza kuitaja. Akanitazama, akasema kesho usije na ndoo peke yake, njoo na penseli. Ndivyo nilivyoingia kwenye ukutubi. Kwa kuharibu.

Vijana wa siku hizi mnafungua kompyuta, inawaambia kitabu kiko wapi. Sisi tulikuwa na kadi, mhuri wa tarehe, kidau cha wino na sindano ya gunia. Kila asubuhi mtu wa kwanza kufika anageuza tarehe ya mhuri. Ukisahau, watu wote wa siku hiyo wameazima jana. Sindano ya gunia ilikuwa ya kushona vitabu vilivyotoka matumbo. Unatoboa mara tano, unapitisha uzi uliopakwa nta, unafunga, halafu unabandika kitambaa mgongoni kwa gundi ya uji. Uji huo una siri: tia chumvi kidogo na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, la sivyo mende watakushukuru. Mchwa nao ni maadui wa kudumu. Miguu ya rafu tuliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu ya magari. Wageni wa wafadhili walikuwa wakiuliza makopo yale ni ya nini, na tukiwaeleza wanapiga picha makopo badala ya vitabu.

Tulipata pia kontena la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Watu wa mtaa walikuja kusaidia kushusha, wakaimba. Tulipofungua maboksi tukakuta vitabu arobaini vya namna ya kuteleza kwenye theluji. Nilimwuliza Mwalimu tuviweke rafu gani. Akafikiri. "Weka kwenye kilimo cha umwagiliaji," akasema, "theluji nayo ni maji." Ndiyo siku pekee niliyomwona akifanya mzaha kuhusu namba. Jambo alilonifundisha pale ni kwamba kitabu kisichosomwa na mtu kinakaa mahali pa kitabu kinachotafutwa. Vya theluji tulivitoa baadaye, mahali pavyo tukaweka vijarida vya magonjwa ya mizabibu ambavyo wakulima wa Makutupora walikuwa wanafuata kwa baiskeli. Vijarida vile vilichakaa mpaka vikawa laini kama kitenge. Hiyo ndiyo sifa ya kitabu, jamani. Kitabu kisafi kisiwafurahishe.

Mwalimu Hiza alipochoka na kurudi kwao Tanga, maktaba ilibaki mikononi mwangu. Wapo waliosema darasa la nne litaongozaje vitabu. Mimi nikaendelea kushona.

Jambo nililolianzisha mimi, Mwalimu akiwa bado yupo, ni benchi la Alhamisi. Niliona wazee wanakuja, wanasimama mlangoni, wanageuza karatasi mkononi, wanaondoka. Nikamfuata mmoja nje. Alikuwa na karatasi ya hospitali na aliona aibu kuingia nyumba ya wasomi. Nikamsomea pale pale juani. Alhamisi iliyofuata akaja na wenzake watatu. Nikaburuta benchi, nikaliweka chini ya dirisha, ikawa desturi: kila Alhamisi mwenye karatasi na asiyejua kusoma anakuja kusomewa. Barua za shule za wajukuu, kadi za kliniki, matangazo ya chanjo ya mifugo, ujumbe wa simu kutoka kwa watoto walioko mbali. Mama mmoja alikuja na chupa ya dawa ya mbuzi. Nikamsomea kwamba ni ya kuogeshea. Akashika kiuno. "Kumbe! Ndiyo maana walikuwa wananitazama vile nilipowanywesha."

Kabla hajaondoka, Mwalimu Hiza aliniachia neno moja kuhusu benchi lile. "Msomee mtu kilichoandikwa, Mama Nyemo. Ukiongeza, umekuwa mwandishi. Ukipunguza, umekuwa mwizi." Nililiitikia kwa kichwa, kama mnavyoniitikia nyie.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu. Nitalisema lote, maana nusunusu ndiyo iliyoniponza.

Miaka michache kabla sijastaafu, upimaji wa viwanja ulifika pande zetu. Mji ulikuwa unakua mbio, na mashamba ya watu yalikuwa yanageuka viwanja kwenye ramani. Barua zikawa nyingi kwenye benchi. Alhamisi moja akaja Mzee Ndahani. Mzee huyu alikuwa Mgogo wa Ihumwa tangu enzi za babu yake, mrefu, mkimya, fimbo mkononi, shuka begani. Mkewe alikuwa amefariki, na alichobaki nacho ni mbuzi na shamba la mizabibu lililozungushiwa minyaa, aliloanza kulipanda na marehemu. Hakuwahi kushika kalamu.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nisomee hii. Kijana aliyeileta alikuwa na haraka kama anafukuzwa na nyuki."

Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza nilimsomea yote: kwamba upimaji umefanyika, kwamba wananchi wanashukuriwa kwa ushirikiano wao, kwamba ramani imebandikwa ofisini. Nikageuza ya pili. Ilikuwa na jedwali, namba na mafungu, na chini yake Kiswahili cha kisheria kilichosokotwa kama kamba. Nilisoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Sikuuelewa. Nikasoma wa pili, nao hivyo hivyo.

Benchi lilikuwa limejaa. Na hatua mbili kutoka kwangu alikaa Sabina, mkutubi kijana aliyeletwa kwetu na shirika mwezi ule ule, ana shahada, ana kucha safi. Kunyoosha shingo tu na kusema "Sabina, hebu njoo unisaidie" kulinishinda. Nilijiambia, mama mzima kama mimi, mkuu wa maktaba, mbele ya watu wote hawa. Nikaikunja ile karatasi.

"Huu ukurasa wa pili ni maneno yao tu ya ofisini, mzee. Hamna shida."

"Hamna shida?"

"Hamna."

Akashukuru. Akanipa konzi mbili za karanga zilizofungwa kwenye kitambaa. Nilizila jioni, tamu sana. Mungu anisamehe.

Alhamisi iliyofuata akaja mama mmoja, Mama Chiku, na barua ya namna ile ile. Mimi nilikuwa nashughulika na mtu mwingine, kwa hiyo Sabina akaichukua. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akageuza. Nikamsikia anaeleza ukurasa wa pili pole pole, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Jedwali lile linaonyesha kila kipande kimeandikwaje kwenye ramani. Pale palipoandikwa eneo la wazi, wapimaji hawakukuta mtu wala nyumba, kwa hiyo pamehesabiwa kuwa pa matumizi ya umma. Mwenye madai alete pingamizi kwa maandishi kabla ofisi haijafungwa Jumatatu. Baada ya hapo ramani inapelekwa juu.

"Cha kwako kina jina lako, mama," Sabina akasema. "Wewe uko salama. Ila hiki cha jirani hapa, chenye minyaa pande zote, hakina jina la mtu."

Chenye minyaa pande zote. Hilo ni shamba la Mzee Ndahani. Nilimwomba radhi niliyekuwa namsomea, nikamvuta Sabina kwenye chumba cha nyuma, nikamwambia nilichofanya. Nilitegemea anicheke au aninyamazie kisomi. Akakunja uso.

"Bibi, ungeniita tu."

"Najua."

"Nilikuwa nimekaa pale pale!"

"Ndiyo maana sikukuita."

Akahesabu siku vidoleni. Halafu akasema, "Leo ni Alhamisi. Tuna kesho, na Jumatatu yenyewe. Mzee yuko wapi?"

Mzee hakuwepo nyumbani. Jirani akatuambia amekwenda kwa binti yake, kijiji kimoja upande wa Chamwino, na mbuzi wake wote. Nilipanda bodaboda saa nane ya mchana. Sijawahi kupenda bodaboda, na yule kijana aliniuliza njiani kama nasali au namtukana. Nilimwambia vyote.

Nilimkuta Mzee Ndahani kwenye zizi, anakata alama masikioni mwa vitoto vya mbuzi. Alikuwa na kisu mkononi. Sikupenda kumkuta na kisu, lakini nilikuwa nimeshafika. Nikamwamkia. Nikasimama, maana nilichokuja nacho hakisemwi umekaa.

"Mzee, ile barua nilikusomea ukurasa mmoja. Wa pili sikuuelewa. Nikaona aibu kusema. Nikakwambia hamna shida, na shida ipo."

Alimwachia mbuzi. Akafuta kisu kwenye shuka.

"Ipi?"

Nikamweleza. Binti yake alitoka jikoni akasikiliza na mwiko mkononi. Mzee hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Hilo nalijua na kijiji kizima kinajua. Sikulificha. Wewe ulikuwa hujui ukurasa mmoja tu, ukauficha. Sasa kati yetu nani mjinga?"

"Mimi, mzee."

"Basi nisomee sasa. Yote. Na binti yangu asikie."

Barua alikuwa nayo, ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia. Nikaanza tangu mwanzo, hata shukrani kwa ushirikiano wake. Nilipofika ukurasa wa pili nilianza kukwama. Kila neno lililonishinda nilimpigia Sabina simu. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya zizi, kwa hiyo nilipanda na kushuka, napanda kuuliza, nashuka kueleza, kanga imeshika miba, mbuzi wananifuata. Kupanda kwa tatu yule binti akacheka, akashindwa kujizuia. Mzee alikuwa amekaza midomo.

"Hilo la eneo la wazi, Sabina anasema maana yake ni mahali pa watu wote, hapana mwenyewe."

"Hapana mwenyewe?" Mzee akasimama. "Na ile mizabibu ilijipanda?"

"Wapimaji walikuja wakati umeikata. Waliona visiki."

"Mzabibu usipokatwa hauzai! Wanataka niache kukata ili wanione?"

"Hayo ndiyo tutayaandika, mzee. Hivyo hivyo ulivyosema."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wote maktaba. Sabina aliandika pingamizi, mimi nikamsimulia Mzee kila sentensi kabla haijawekwa. Mchoro wa shamba tuliuchora kwenye karatasi ya nyuma ya bango la chanjo, Mzee akionyesha kwa fimbo sakafuni: hapa minyaa, hapa korongo, hapa mtini alioupanda marehemu. Zilitakiwa saini za majirani wanaopakana naye na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa msibani Makutupora, akarudi Jumapili, tukamsubiri mlangoni mwa kanisa, naye mhuri anatembea nao mfukoni kama tumbaku.

Jirani aliyetutia wasiwasi ni Mama Chiku yule yule. Yeye na Mzee Ndahani hawakuwa wanasalimiana kwa sababu ya mbuzi. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kupiga magoti. Alinisikiliza, mikono kifuani.

"Mbuzi wa yule mzee wamekula mizabibu yangu miaka yote hii," akasema. "Wanatokea tundu lile lile la minyaa. Kama pale si kwake, hao mbuzi walikuwa wanatokea wapi, mbinguni? Lete wino."

Akaweka dole gumba. Akalitazama. "Na mwambie azibe tundu."

Jumatatu tulifika ofisini kabla haijafunguliwa. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, tai imekaa upande. Alisoma karatasi zetu zote, akageuza tarehe.

"Shikamooni. Wazee wangu, mbona mmesubiri mpaka siku ya mwisho?"

Sabina alifungua mdomo. Nikamgusa mkono.

"Kwa sababu mimi nilimsomea nusu barua," nikasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye maktaba."

Akaniangalia, akamwangalia Mzee Ndahani aliyekuwa anaangalia ukuta. Akapiga mhuri wa kupokelewa, akatoa nakala, akatupa. Akasema watakuja kupima upya mvua zikipungua. Hakuahidi zaidi ya hapo. Tulipotoka nje Mzee alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Hiyo nakala ina kurasa ngapi?" "Tatu, mzee." "Nisomee zote." Nilimsomea kwenye ngazi za ofisi, watu wakitupita.

Jambo halikuishia hapo. Kamati ya maktaba iliposikia, mwenyekiti wake, fundi cherehani mwenye hekima nyingi za kukata, akasema benchi lifungwe. Kusoma barua za watu si kazi ya maktaba, akasema, kazi yetu ni vitabu, na leo tumeponea chupuchupu. Nilisema tu kwamba nikifungiwa mimi ni haki, lakini wale wazee watarudi kusimama mlangoni.

Mzee Ndahani alikuwa amekaribishwa kutoa maelezo. Alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini.

"Mimi nina mbuzi wengi," akaanza, na kamati ikatazamana. "Nikiwahesabu, niliyemhesabu namtia alama. Asiye na alama namjua sijamhesabu. Huyu mama asome, akimaliza ukurasa aweke alama pembeni, mimi nikiona. Mimi sijui kusoma, lakini ukurasa usio na alama nitauona. Nitamwambia, mama, hapa hujafika."

Yule fundi akakuna kichwa. Benchi likabaki.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya, na ninyi endeleeni hivyo hata kama mgeni atawacheka. Kila upande wa karatasi unaosomwa unatiwa alama ya penseli kwenye kona, mbele ya mwenye barua. Wasomaji wawe wawili kwenye benchi. Lisiloeleweka linasemwa kwa sauti: hili silijui, ngojeni niulize. Wiki ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Wiki ya tatu wazee wenyewe wakaanza kunisubiri nikwame. "Hilo nalo hulijui?" wanauliza kwa furaha kabisa. Na nitawaambia kitu: watu walioleta barua kwenye benchi waliongezeka. Nilidhani wakijua sijui watakimbia. Walisogea.

Mimi na Sabina tukawa kitu kimoja. Alinifundisha kompyuta, mimi nikamfundisha sindano ya gunia. Kompyuta sikuipenda, lakini sindano yake yeye sasa ni nzuri kuliko yangu, na kucha zake zimeharibika.

Wapimaji walirudi mvua zilipokwisha. Mzee Ndahani aliwatembeza pande zote nne kwa mguu, hata walipomwambia ardhi inaonekana kwenye mtambo. Aliwaonyesha tundu la minyaa lililozibwa. Halafu kimya. Mambo ya ardhi yana mwendo wa kobe, na kobe huyu alipumzika sana. Kila Alhamisi Mzee alikuja, akakaa mwisho wa benchi, hana karatasi, anasikiliza za wenzake, anaondoka. Hakuniuliza, nami sikuthubutu kumwambia pole. Nilikuwa nahesabu miezi yangu ya kustaafu na nilijua kuna kitu kimoja ambacho sitakwenda nacho nyumbani kwa amani.

Mwezi wangu wa mwisho kazini Mzee akaja na bahasha. Nzito, ya kaki, imefungwa bado. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Sabina alikuwa amekaa upande wangu wa kulia na nafasi mbele yake ilikuwa wazi. Mzee aliipita. Akaja akasimama kwangu, akasubiri niliyekuwa namsomea amalize, akakaa.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mzee."

"Fungua."

Nilifungua kwa mkasi. Kurasa mbili na ramani. Nilianza juu kabisa, na namba ya kumbukumbu, na tarehe, na salamu. Nilikwama mahali pawili, nikasema nimekwama, Sabina akanivusha. Mama mmoja alikuwa amemziba mtoto mdomo. Ukurasa wa pili, fungu la tatu, pingamizi limekubaliwa. Kipande kimeandikwa kwa jina la mwombaji. Watu wakapiga vigelegele, nikawaambia nyamazeni, sijamaliza, bado kuna mistari minne. Nikaimalizia yote minne, ilikuwa ya kumwelekeza aende dirisha gani na aende na nini, nikaweka alama.

Mzee Ndahani alivuta ramani kwake, akailaza magotini, akaitazama muda mrefu ile mistari na namba ndogo ndogo.

"Jina langu liko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake, kile kidole kipana chenye makovu ya kisu cha mizabibu, kikalifunika lote. Akakiinua, akachungulia chini yake, akalifunika tena.

"Kumbe ni fupi hivi," akasema. "Na shamba lenyewe mtu analizunguka mpaka anachoka."